Mabomba Mapya Ndani ya Eda ya Rahmo

Ukitaka kujua nyumba ya mtu imezeeka kiasi gani, usitazame ukuta. Ukuta hupakwa rangi. Fungua mfereji. Nyumba ya Rahmo, huko Bulla Iftin mjini Garissa, ilipakwa rangi ya samawati kabla ya Ramadhani, ikapendeza hasa, majirani wakasema mashallah. Lakini ukifungua mfereji wa jikoni, kwanza unasikia kikohozi, halafu kimya, halafu maji mekundu yanatoka matone matatu, halafu kimya tena. Mabomba yale ya chuma yalifukiwa na baba mkwe wake, Mungu amrehemu, kabla Rahmo mwenyewe hajazaliwa. Kutu ilikuwa imeyaziba kwa ndani mpaka tundu lililobaki halipitishi kidole cha mtoto. Na maji ya mji huja Jumanne na Ijumaa tu. Siku hizo mbili kazi ilikuwa kinga ndoo, subiri, kinga ndoo, subiri.

Aweys, mume wake, alisema atayabadilisha. Alisema hivyo miaka kumi na minne mfululizo bila kuchoka. Alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa soko, mdomo mtamu na ahadi tele, na kila Jumatano akirudi kutoka soko la ngamia aliligonga bomba la ukutani na kuliambia, "Wewe siku zako zinahesabika." Kumbe zilizohesabika ni zake. Alirudi Jumatano moja akilalamika kifua, akajilaza baada ya adhuhuri, na ilipoadhiniwa alasiri Rahmo akaenda kumwamsha.

Rahmo hakulia. Nalisema mapema kwa sababu Bulla Iftin nzima ililisema. Hakulia maiti ilipotolewa, hakulia usiku wa kisomo, hakulia shemeji zake walipoangua kilio mlangoni. Wanawake walimjia na chai, na halua, na ushauri wa kila aina. "Lia, abaayo, dada yetu, utoe yaliyo ndani." Akawasikiliza. Akawamiminia chai. Moyo wake ulikuwa umeingia ganzi, vile mguu huingia ganzi ukiukalia vibaya mkekani: unajua upo, unajua ni wako, lakini ukiukanyagia husikii kitu. Alivaa nguo nyeupe za eda, akaanza kukaa nyumbani miezi yake minne na siku kumi, na akanyamaza. Maneno yakawa ni "ndiyo" kwa binti zake wawili, Ilhan na Hamda, wakiomba mkate wa anjera, na "haya" wakiomba kwenda duksi kusoma Kurani. Basi.

Mama mkwe wake, Maano, alihamia pale tangu siku ya msiba. Maano ni mwanamke mfupi, mkavu, ulimi kama wembe, amezika mume na watoto watatu na kila mmoja amemlilia kwa sauti inayofika barabarani. Kimya cha Rahmo kilimchoma. "Naa Rahmo, wewe moyo wako umejengwa kwa simiti?" alimwuliza siku moja. Rahmo akatazama sakafu kana kwamba swali ni la mtu mwingine.

Usidhani alikuwa hivyo siku zote. Alizaliwa Kotile, nyumba ya wafugaji, amekua akichota maji kwenye kisima cha kuchimba kwa mikono na kukizungushia miba ili mbuzi wa watu wasikivamie. Alipoletwa Garissa bi harusi, akaonyeshwa mfereji uani, unajua alifanya nini? Kesho yake asubuhi alikwenda vichakani akakata matawi ya mathenge, akauzungushia mfereji mzima boma la miba, juu mpaka chini. Aweys alipotaka kunawa akachomwa kiganja. Alicheka mpaka akakaa chini. Majirani wakaitwa kuja kuona. Rahmo naye akacheka, akasema, "Nyinyi chekeni, siku mbuzi wakinywa maji yenu mtaniita." Huyo ndiye alikuwa Rahmo. Sasa alikikumbuka kile kicheko kama mtu anayekumbuka namba ya simu. Alijua kilikuwepo, na hakuhisi chochote.

Siku ya sitini na tatu ya eda, lori la mizigo lilisimama nje. Abdullahi akashuka, mdogo wake Aweys, mfanyabiashara wa Liboi kule mpakani, ana mke wake Khadra na watoto watano. Nyuma ya lori kulikuwa na mabomba mapya ya plastiki ya kijani, marefu, yamefungwa mafungu mafungu, na katoni za koki na elbo za kupindia kona. Pembeni yake alishuka fundi Komora, Mpokomo wa ng'ambo ya mto, amebeba mfuko wa spana na ile pasi ya umeme ya kuunganishia mabomba.

Mtaa mzima ukaelewa. Nami nakueleza wewe usiyekuwepo. Kwetu, mtu akifa akaacha mjane na watoto, ndugu yake humwoa yule mjane, ili watoto wasilelewe na ukoo mwingine. Inaitwa dumaal. Mjane akikataa, hafungwi kamba, lakini mara nyingi hurudi kwao na sanduku lake, na watoto wanabaki upande wa baba. Ila mwanamke akiwa ndani ya eda, kumposa waziwazi ni haramu. Hata kumdokeza ni kwa adabu kubwa. Kwa hiyo hakuna aliyesema neno. Lakini mwanamume anapokuja kung'oa mabomba mabovu ya nyumba ya marehemu kaka yake na kuifunga mapya, anahitaji kusema nini zaidi? Rahmo aliyatazama yale mafungu ya kijani yakishushwa, akaelewa vizuri sana. Siku eda itakapokwisha ataulizwa. Akikubali, atakuwa mke wa pili wa Abdullahi. Akikataa, huenda akaenda Kotile bila Ilhan na bila Hamda. Alijaribu kuogopa, na hata woga haukuja.

Kazi ikaanza, na matatizo yake yakaanza. Fundi atafanyaje kazi ndani ya nyumba ya mjane aliye edani, ambaye hapaswi kuonana na wanaume wa kando? Maano akatafuta dawa. Pazia zito likatundikwa mlango wa chumba cha Rahmo. Fundi akitaka kupita, apige hodi na kukohoa. Fundi akitaka kuuliza, aulizie nje ya pazia.

"Hodi, mama Ilhan. Ni mimi fundi," alisema Komora asubuhi ya kwanza. Alikuwa mtu wa adabu, Mwislamu, anayajua mambo ya eda. "Pole na msiba. Mimi sitaki kukusumbua uongee na mwanamume. Tufanye hivi: nitakuwa nauliza. Kama hutaki jambo, gonga ukuta. Ukinyamaza, nitajua umekubali."

Rahmo akanyamaza.

"Ahsante," akasema Komora, akaenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyepata mteja rahisi.

Naapa, hakuna utaratibu mbaya kuliko huo kwa mwanamke wa aina ile. "Mama Ilhan, bomba la jikoni nilipitishe nyuma ya jiko?" Kimya. Akalipitisha. "Mama Ilhan, huu ukuta wa bafu nitoboe hapa?" Kimya. Akatoboa. Maano alipita akaona vumbi na mabomba yametapakaa, akamfokea kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe fundi, hii baibu mingi nafanya nini? Enda bolebole, nyumba iko na msiba!" Komora akamjibu kwa upole kwamba mwenye nyumba ameruhusu. Na kwa hesabu zake, kweli alikuwa ameruhusu.

Siku ya tatu akaja na swali jingine. "Mama Ilhan, huu mfereji wa chini hapa uani, wenye jiwe la kukalia. Nauona umeoza kabisa. Niuondoe, niweke mmoja mzuri wa juu?"

Ule ulikuwa mfereji wa Aweys wa kutawadhia. Mara tano kwa siku alikalia jiwe lile, akakunja mikono ya kanzu, akasugua visigino vyake polepole kuliko mtu yeyote duniani, na Rahmo alikuwa akimfokea, "Maji yote ya mto Tana utayamaliza kwa miguu miwili!" Mkono wa Rahmo ulikuwa karibu kabisa na ukuta. Ungeweza kugonga. Aliutazama ule mkono uliolala juu ya goti, akangoja kuona kama utanyanyuka. Haukunyanyuka. Nje msumeno ukaanza kukata.

Jioni alitoka uani kuanua nguo. Penye mfereji palikuwa na kiraka cha saruji mbichi. Jiwe lilikuwa limeviringishwa hadi kwenye ukuta wa nje pamoja na vipande vya mabomba ya zamani. Rahmo alisimama pale muda mrefu. Alijiambia, sasa, hapa ndipo nitalia. Akasubiri. Kuku wakapita. Akaanua nguo, akazikunja, akaingia ndani, na jambo lililomtisha kidogo, kama kuna kilichomtisha, ni jinsi alivyozikunja vizuri.

Na Abdullahi? Huyo ndiye aliyewashangaza majirani. Ametoka Liboi, mtu wa duka, mtu wa kalamu na simu, angeweza kuita vijana wanne wakachimba mtaro siku moja. Hakuita. Alichukua sururu mwenyewe. Tangu baada ya alfajiri mpaka jua linapokuwa kali hasa, na tena baada ya alasiri, alichimba mtaro kutoka barabarani mpaka jikoni, ardhi ile ngumu ya Garissa, na hakuwa akizungumza. Maano alimpelekea maziwa ya ngamia akayaacha yakachacha. Rahmo alimwona kupitia upenyo wa pazia: mgongo umelowa, kichwa chini, anapiga sururu kama mtu anayegombana na ardhi. Akawaza, huyu anaitengeneza nyumba yake. Hakumchukia. Hakumpenda. Alimwona kama mtu anavyoiona mvua inayonyesha mji mwingine.

Wiki ya pili, Komora alikohoa nje ya pazia kwa muda kabla ya kusema. "Mama Ilhan, hili nisamehe. Mama mzee ameniambia bomba moja liingie chumbani kwako humo. Bafu la ndani. Anasema, eeh, mwenye nyumba akihamia, hatapenda kuvuka ua akitaka kuoga." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu ambaye sasa ameanza kushuku utaratibu wake mwenyewe, "Mama Ilhan, ukitaka gonga hata kidogo tu. Nitasikia."

Ilhan, binti mkubwa, ana miaka kumi na tatu, alikuwa ndani na mama yake akifanya kazi za shule. Aliacha kuandika. Alimtazama mama yake, akautazama ukuta, akamtazama tena. "Hooyo," alisema kwa mnong'ono, "nigonge mimi?"

Rahmo alimpapasa kichwa. Wakati huo Maano akapaza sauti kutoka uani, "Fundi, amekwambia nini?" na Komora akajibu, "Amenyamaza, mama," na Maano akasema, "Si nilikwambia!" Wakatoboa ukuta wa chumba siku hiyo hiyo. Rahmo na binti zake wakahamia sebuleni kwa sababu ya vumbi.

Ijumaa moja maji yakafunguliwa. Subhanallah, nyumba ile ilipata maji kama haijawahi! Meupe, mengi, yanatoka kwa kishindo jikoni, uani, bafuni, chumbani. Hamda mdogo akakimbia kutoka mfereji hadi mfereji akifungua na kufunga. Majirani wakaja na madebe yao. Komora akasimama mlangoni akijifuta mikono, anasifiwa, na Maano, ambaye hasifu mtu, akamwongezea kikombe cha chai. Rahmo aliweka kiganja chini ya maji ya jikoni. Yalikuwa ya vuguvugu kwa jua. Aliyaacha yapite juu ya vidole vyake, akasema "alhamdulillahi" kwa sababu ndilo neno linalosemwa, akafunga.

Abdullahi aliondoka siku hiyo hiyo kurudi Liboi, bila kuyaonja. Alisema atarudi eda ikiisha.

Eda ikaisha. Rahmo akaoga, akavua nyeupe, akavaa baati ya rangi ya machungwa aliyochaguliwa na Ilhan. Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, Maalim akaja. Ni mwalimu wa duksi ya mtaa, mzee wa ndevu za hina, aliyewafundisha Aweys na Abdullahi alifu na bee kwenye ubao mmoja. Akakalishwa sebuleni. Abdullahi akaketi upande wake, Maano upande wa pili, na Rahmo mbele yao juu ya zulia, shungi limemfunika mpaka kwenye nyusi. Ilhan alitumwa jikoni kukanda unga wa anjera, mlango ukafungwa nyuma yake.

"Rahmo," alisema Maalim, "eda yako umeitimiza kwa heshima, Mungu akulipe. Abdullahi, ndugu wa marehemu, yupo hapa kwa jambo la heri. Unamkubali akuoe?"

Rahmo akanyamaza.

Feni ya dari ikazunguka. Maano akahesabu pumzi kama tano, kisha akasema, "Haya, Maalim. Amenyamaza. Soma."

"Sisomi," alisema Maalim.

"Kwa nini? Kunyamaza ni kukubali. Sisi sote tuliolewa hivyo!"

"Mlikuwa wanawali, Maano. Bikira ndiye ambaye kimya chake ni idhini, kwa ajili ya haya yake. Mwanamke aliyewahi kuolewa ana ulimi wake. Lazima aseme. Asiposema, sina ndoa ya kufunga."

"Tangu msiba huyu hasemi! Utangoja mpaka lini?"

"Nina nafasi mpaka magharibi," alisema Maalim, akakunja miguu vizuri.

Basi wakangoja. Na Rahmo, maskini, hakuwa akifanya kiburi. Alikuwa akitafuta. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne na hakuna mtu aliyewahi kumngoja aseme analotaka. Kule Kotile, siku ya ndoa yake, mjomba aliuliza kutoka nje ya herio, kile kibanda cha mikeka cha wafugaji, yeye akajifunika uso, vigelegele vikapigwa, mambo kwisha. Leo vigelegele vilikuwa vinamngoja yeye. Alijaribu "ndiyo" moyoni: wanawe wapo, nyumba ipo, na mwanamume mwingine analala upande wa Aweys. Alijaribu "hapana": sanduku, gari la Ijara la kumrudisha Kotile, Hamda anabaki mlangoni. Alijua kwamba la pili lingemuua. Alilijua kwa akili tu. Moyo ulikaa kimya, hausemi hili wala lile.

Akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Abdullahi usoni tangu msiba. Hakuwa akimtazama yeye, wala Maalim. Alikuwa akitazama viganja vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa bado na makovu ya malengelenge ya sururu. Alikuwa amekonda. Shingo ilikuwa ikielea ndani ya kola ya shati. Hakuonekana kama mtu aliyekuja kuoa. Rahmo akasikia swali likimpanda kooni, na hakulizuia.

"Abdullahi," akasema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kazi. "Wewe unataka?"

"Naa Rahmo!" Maano aliruka. "Swali gani hilo? Anayeulizwa ni wewe! Mwanamume amechimba, amejenga, ameleta maji ndani ya nyumba, unamwuliza kama anataka?"

Maalim akainua mkono. "Ndoa ni ya watu wawili. Nami kweli sikumwuliza, niliambiwa tu na wewe. Abdullahi, jibu."

Abdullahi akamtazama mama yake, kisha zulia.

"Mimi namtaka ndugu yangu," akasema.

"Sitaki mke mwingine, Maalim. Sitaki nyumba. Mama aliniambia ni wajibu, nikasema sawa, ni wajibu. Aweys alisema atabadilisha mabomba, kila nikija anasema atayabadilisha, nikasema angalau hilo nimfanyie. Nikachimba. Nikadhani nikimaliza kuchimba nitakuwa..." Alivuta kitambaa chake cha begani akajifunika uso, mtu mzima wa miaka arobaini, na mabega yakaanza kutikisika.

Maano aliweka mkono juu ya goti la mwanawe na kuuacha hapo.

"Basi hapa hapana ndoa," alisema Maalim taratibu.

"Na watoto?" aliuliza Maano, sauti imekuwa ndogo.

"Watoto watakaa na mama yao, hooyo," alisema Abdullahi ndani ya kitambaa. "Nyumba ni ya Aweys. Mimi ndiye wa kuwatoa? Nani mwingine atawatoa nikiwa hai?"

Ungedhani Rahmo atashukuru. Wanawe wamebaki kwake, mlima umemwondokea kifuani, angesema japo ahsante. Hakuisikia hata hiyo habari ya watoto vizuri. Alikuwa bado kwenye neno la kwanza. Miezi minne yote watu walikuwa wakimwambia alie, avumilie, ashukuru, akubali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema jambo lile jepesi.

"Na mimi," alisema Rahmo. "Na mimi namtaka yeye. Namtaka Aweys."

Akalirudia, na safari hii halikutoka kama neno. Lilitoka chini kabisa, baya, la sauti nene, likamkunja mpaka paji la uso likagusa zulia, na likaendelea kutoka. Ilhan akaja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, akausukuma mlango na kusimama akiwatazama mmoja mmoja, kwa sababu sauti ile hakuwahi kuisikia na hakujua ni ya nani.